Jina la Nani Chini ya Picha? Kisa cha mpigapicha wa Pangani, Nairobi, na mkewe

Ugomvi wao ulianza na ujumbe wa M-Pesa. Mwuzaji wa vitambaa wa Eastleigh alikuwa ametuma malipo ya awali ya picha aliyotaka kuiweka juu ya mlango wa duka lake: mwanamke aliyejitanda leso, ameketi kando ya dirisha, uso ameugeuza kidogo kana kwamba anamsikiliza mtu aliye chumba cha pili. Simu ya studio ilikuwa mkononi mwa mke, maana yeye ndiye mshika hesabu. Mwanamke wa kwenye picha ile ni yeye mwenyewe, na hakuna aliyekuwa amemwuliza.

Siku chache baadaye ikaja barua ya kituo kimoja cha sanaa hapa mjini, kikimwalika mume aonyeshe picha za watu alizopiga tangu afungue studio. Fomu ilikuwa na nafasi ya jina moja la msanii. Alijaza lake, akamwonyesha mkewe kwa furaha. Mke akaisoma mpaka mwisho, akauliza: "Na mimi, Baba, nimo wapi humu?" Mume akajibu, kwa moyo safi kabisa, kwamba yumo kwenye picha tisa.

Waliniita niketi nao kama mtu wa tatu. Mimi nahariri picha na kufundisha vijana kazi hii, na nawajua tangu studio yao ilipokuwa pazia moja na kiti kimoja. Wamekubali kisa chao kielezwe bila majina. Nakieleza kwa kirefu kwa sababu Nairobi imejaa studio za mume na mke, kuanzia Ngara hadi Umoja, na nyingi ya hizo zina jina moja tu ukutani. Nalionea uchungu jambo hili, wala sitajifanya sina upande.

Wote wawili ni watu wa Mombasa. Mume alikuja Nairobi kijana, akaanza kwa kupiga picha za pasipoti karibu na Nyayo House, wateja wakiwa kwenye foleni na haraka zao. Kazi ile ilimfundisha kasi na nidhamu ya mwanga, ila haikumfundisha uso wa mtu, kwa kuwa picha ya pasipoti inataka uso usioonyesha lolote. Alipooa, akatamani kupiga picha za watu kwa namna nyingine. Pesa za kumlipa mwanamitindo hakuwa nazo. Akawa anamketisha mkewe dirishani baada ya swala ya alasiri, siku baada ya siku, akijaribu lenzi, pazia na pembe.

Hapo ndipo kiini cha kisa hiki kilipo, na watu hupapita mbio. Tunamtazama mwanamke aliyeketi dirishani tukadhani amekaa tu. Huyu alikuwa anajifunza. Aliona picha zake nyingi mno, nzuri na mbovu, na kwa kila mojawapo alikumbuka mwili wake ulikuwa unafanya nini wakati ule. Akagundua kwamba kamera ikiinuliwa tu, mabega ya mtu nayo hupanda. Kwamba ukimwambia mtu "tulia," anabana pumzi na shingo inakakamaa. Kwamba macho hupata uhai mara tu baada ya pumzi kutoka, kwa kitambo kifupi sana, kisha yanarudi kujilinda. Mambo hayo mumewe asingeweza kuyajua, kwa sababu siku zote yeye alikuwa nyuma ya kamera.

Kadhalika mwanga. Nairobi iko karibu sana na ikweta, nyuzi moja na ushei upande wa kusini. Saa sita mchana jua liko utosini, paji la uso linang'aa na macho yanazama vivulini. Ndiyo sababu wapigapicha wa hapa huupenda Julai, mwezi wa mawingu na baridi, ambapo anga nzima inakuwa kama shuka moja jeupe lililotandazwa juu ya jiji. Mke aliujua mwanga kwa ngozi yake kabla hajaujua kwa jina. Akaanza kusema, "Leo dirisha ni kali, shusha pazia," na mume anashusha. Baadaye hakungoja kumwambia, alilishusha mwenyewe.

Wateja walipoanza kuja, aliyekuwa akiwakaribisha ni yeye.

Nimeshuhudia kazi yao mara nyingi, na nitaeleza kikao kimoja kwa sababu madai yao yote yanapimwa humo. Mteja alikuwa mama wa makamo kutoka South C, amekuja kupigwa picha ambayo wanawe walio ng'ambo waliiomba. Amevaa buibui jeusi, mtandio wa rangi ya dhahabu, mikono ameificha. Mume alikuwa akipanga taa. Mke akamletea mgeni chai ya tangawizi, akakaa naye, akamwuliza kuhusu wanawe mmoja mmoja kwa majina. Wakati huohuo alikuwa akifanya mambo mengine bila kuyatangaza: alisogeza kiti nusu hatua kutoka dirishani, akaondoa pazia jeupe la nyuma akaacha ukuta wa kahawia, akamwomba mama avue saa, akamkunjulia mtandio ili ukingo wake ushike mwanga chini ya kidevu.

Ule ukuta wa kahawia haukuwa urembo. Mita ya kamera, yaani kipimamwanga chake, hukadiria kila inachokiona kana kwamba ni kijivu cha kadiri. Ukijaza fremu kwa weupe, inapunguza mwanga ili weupe usiungue, na uso mweusi ndio unaoumia. Mpigapicha mzoefu hurekebisha kwa mkono. Mke alikuwa ametatua tatizo hilo kabla kamera haijainuliwa.

Kisha akasimama kando ya bega la mumewe. Mama yule aliendelea kusimulia habari za kitindamimba wake. Mke alimtazama kifuani, jinsi anavyopumua. Akasema kwa sauti ya chini, "Ngoja." Kimya kidogo. "Sasa." Kamera ikalia mara moja. Picha iliyochapishwa ni hiyo.

Mume naye asidhulumiwe katika uchambuzi huu. Lenzi ya milimita 85 aliichagua yeye, na uwazi wake wa kupitisha mwanga, na umbali wa kusimama. Ana jicho la kujua upande wa uso ulio na habari nyingi zaidi. Rangi ya ngozi katika picha zake haigeuki kijivu wala nyekundu, na hilo ni jasho la saa nyingi mbele ya kompyuta. Angeweza kupiga picha nzuri akiwa peke yake, na za kabla ya ndoa zipo, nimeziona. Ni picha safi, zenye nidhamu, na watu waliomo wanamwangalia kama wanaomngoja amalize.

Kwenye mtandao alikuwa akiandika mara kwa mara kwamba mkewe ndiye ilhamu yake. Sifa hiyo ni ya kweli na aliisema kwa mapenzi. Lakini ilhamu haijazwi kwenye fomu wala haigawiwi malipo, ilhali alichokuwa akifanya mke pale kilikuwa kazi: kina ujuzi, kina muda, kina matokeo unayoweza kuyaonyesha kwa kidole.

Kulikuwa na jambo jingine ambalo hata mimi lilinikalisha kitako. Sehemu kubwa ya mapato ya studio ilitokana na arusi za jamaa zetu wa Eastleigh, Pangani na South C. Usiku wa kupamba ni wa wanawake watupu. Bibi harusi anaonyeshwa kwa mapambo yake yote, nywele wazi, hina mpaka viwikoni, na mwanamume hakaribii mlango. Anayeingia na kamera ni mke. Anapiga yeye, anahariri yeye usiku nyumbani, anakabidhi yeye kwa mama wa bibi harusi. Na kila picha ilitoka na chapa ya jina la mumewe pembeni. Kwa miaka yote hiyo jina la mwanamume lilikaa kwenye picha ambazo yeye mwenyewe haruhusiwi kuziona.

Alipolisema hilo mezani, mume alinyamaza muda mrefu. Nadhani siku ile ndiyo mara ya kwanza alilisikia likitamkwa.

Sheria inasemaje

Wengi wetu tuna imani kwamba picha ni ya aliyebonyeza kitufe. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 haisemi hivyo. Inamtaja mtunzi wa picha kuwa ni mtu anayehusika na mpangilio wa picha hiyo. Soma sentensi hiyo ukikumbuka kiti kilichosogezwa, ukuta wa kahawia, mtandio uliokunjuliwa na lile neno "sasa." Sheria hiyohiyo inatambua kazi ya watunzi zaidi ya mmoja, pale ambapo mchango wa huyu hauwezi kutenganishwa na wa yule. Kwa maoni yangu, picha za studioni za wanandoa hawa ni mfano wa wazi wa kazi ya namna hiyo. Za kupamba ni za mke peke yake. Za zamani, kabla ya ndoa, ni za mume.

Yapo mengine mawili ambayo wapigapicha wa Nairobi wangefaa kuyaweka kichwani. La kwanza: mteja akikuagiza umpige picha, hakimiliki huhesabiwa kuwa imehamia kwake, isipokuwa mmekubaliana vinginevyo. Picha kadhaa ambazo mume alitaka kuzipeleka kwenye maonyesho zilikuwa za wateja wa aina hiyo, na hakukuwa na karatasi yoyote. Ilibidi mke apige simu nyumba kwa nyumba. Wawili walikataa, na picha zao zikatolewa.

La pili: sura ya mtu ni taarifa binafsi chini ya Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019. Septemba 2023 Kamishna wa Ulinzi wa Data alitoza mgahawa mmoja wa burudani hapa Nairobi Sh1,850,000 kwa kuweka mtandaoni picha ya mteja bila idhini, na shule moja Sh4,550,000 kwa picha za watoto zilizotumiwa bila ridhaa ya wazazi. Ndoa haiondoi haki hiyo. Mke aliyekubali kuketi dirishani ili mumewe ajifunze hakuwa amekubali kutundikwa juu ya duka, na mume alikosea kupokea pesa kabla ya kumwuliza. Nilimwambia hivyo mbele ya mkewe, naye hakubisha. Alisema tu, "Mwalimu, niliiona ni picha yangu. Sikumwona yeye."

Kuhusu mali, Sheria ya Mali ya Ndoa ya mwaka 2013 inahesabu mchango usio wa fedha: kazi za nyumbani, malezi, hata kusimamia biashara ya familia. Januari 2023 Mahakama ya Juu ilisisitiza kwamba mgawanyo wa nusu kwa nusu hauji wenyewe, kila mmoja anapata kwa kadiri ya mchango uliothibitishwa. Mwislamu anaweza kufuata sheria ya Kiislamu katika mambo hayo, na huko nako mali ya mke ni yake na jasho lake ni lake. Kwa njia yoyote ile, asiye na kumbukumbu za kazi yake atapata taabu kuithibitisha. Mke huyu alikuwa nazo. Daftari lake la hesabu lilionyesha hata kwamba ile lenzi ya milimita 85 ilinunuliwa kwa zamu yake ya chama, kile kikundi cha kuchangiana pesa kwa zamu.

Wengine walipitaje hapa

Mume alitaka kujua kama mambo haya yamewahi kuwapata wakubwa. Yamewapata sana. Mpigapicha Mmarekani Edward Weston alipopewa mwaka 1937 ufadhili wa Guggenheim, ule wa Marekani kwa wasanii na wasomi, wa kwanza kuupata miongoni mwa wapigapicha, maelezo ya ombi lake yaliandikwa na Charis Wilson, ambaye ndiye pia aliyeketi katika baadhi ya picha zake mashuhuri. Katika safari za ufadhili huo Charis ndiye aliyeendesha gari na kuweka kumbukumbu. Makala za upigaji picha zilizotoka kwa jina la Weston miaka hiyo, nyingine ni kalamu ya Charis. Walioana 1939, wakaachana 1946, na kwa muda mrefu watu walimjua kama mwili ulio pichani kuliko walivyomjua kama mwandishi.

Yoko, mke wa mpigapicha Mjapani Masahisa Fukase, aliandika kwamba mumewe alimwona kupitia lenzi tu, na kwamba picha zote zile za kwake kwa hakika zilikuwa picha za Fukase mwenyewe. Niliposimulia hilo, mke wa Pangani alitikisa kichwa kwa kukubali. Akasema yeye hajafika huko, na hataki kufika.

Mfano uliowasaidia hasa ulikuwa wa Christo na Jeanne-Claude, waliofunika majengo na madaraja kwa vitambaa. Kwa miaka mingi kazi zao zilitoka kwa jina la Christo peke yake. Mwaka 1994 walitangaza kwamba kazi zao kubwa za nje, tangu 1961, ni za wote wawili. Michoro ya maandalizi ikabaki ya Christo pekee, kwa sababu yeye ndiye aliyeichora. Nawapenda kwa hilo la mwisho. Hawakugawana sifa kwa ukarimu wala kwa hasira. Waliangalia kila kazi imefanywa na nani, wakaandika hivyo, hata kwa miaka iliyopita.

Walichokubaliana

Mjomba wa mke alikuwepo siku ya makubaliano. Mwanzoni mume aliona haya kuandikiana mkataba na mkewe kama watu wasioaminiana. Mjomba akamkumbusha kwamba aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani, ya 282 ya Suratul Baqara, inahusu kuandikiana deni, na walioamriwa kuandika ni waumini wenyewe kwa wenyewe. Baada ya hapo hakuna aliyelalamikia karatasi.

Biashara ikasajiliwa upya kwa ubia, wenye mali wawili. Picha za studioni zinatoka kwa majina yote mawili, la mke likitangulia katika zile alizoongoza yeye tangu mwanzo. Picha za kupamba hazina jina la mume popote, na za zamani mke alizipitia faili kwa faili akiondoa chapa. Mapato ya studioni ni nusu kwa nusu baada ya gharama. Ya kupamba ni ya mke, naye hulipia matumizi ya vifaa vya studio. Mume alitaka malipo hayo yawe makubwa zaidi, wakabishana, na lile daftari la hesabu ndilo lililoamua.

Sura ya mke ikawa na kifungu chake. Kila matumizi ya picha yake yanaombwa kivyake, kwa maandishi, na anaweza kukataa bila kutoa sababu. Picha za nyumbani, zisizo na mtandio, zilihamishwa zote kwenye diski anayoiweka yeye. Hapo mume aliumia, nilimwona. Alikuwa akizitazama usiku anapofanya kazi. Mke akamwambia, "Ukitaka kuniona, Baba, mimi nipo jikoni."

Waliandika pia itakuwaje wakiachana. Mjomba alikunja uso, akasema si vizuri kuita shari. Mke alishikilia, na ninadhani alikuwa sahihi: picha za pamoja zitabaki kwa wote wawili nakala kwa nakala, na hakuna atakayeziuza bila saini ya mwenzake. Mambo kama hayo huandikika watu wakiwa bado wanacheka pamoja.

Mwuzaji wa vitambaa alirudishiwa pesa yake. Alinuna, kisha akakubali picha mpya. Mwanamitindo aliyelipwa alikaa dirisha lilelile, mke akampanga, na picha iliyotundikwa Eastleigh leo ina majina mawili kwa herufi ndogo chini. Kituo cha sanaa kilikubali kubadilisha fomu bila ubishi wowote. Nilitarajia ukinzani nisiuone.

Limebaki moja ambalo hawajalimaliza. Kuna picha ya mke aliyopigwa wiki ya msiba wa mama yake. Mume anaamini ndiyo bora kuliko zote alizowahi kupiga, na kwa ufundi simpingi. Mke hataki itoke. Mume ameomba, akakataliwa. Akaomba ichapishwe bila kuonyeshwa, akakataliwa tena. Ananiuliza mimi kama kazi nzuri kiasi hicho haina haki yake. Namjibu kwamba aliyefiwa ni mkewe. Maonyesho yatakwenda bila picha hiyo.

Na sasa wamemwajiri binti wa kumsaidia mke kwenye kupamba, ambaye ameanza kupiga picha zake mwenyewe usiku ule, na zingine ni nzuri kuliko za bosi wake. Kwa sheria, picha za mwajiriwa zilizopigwa kazini hakimiliki yake inakwenda kwa mwajiri, isipokuwa mkataba useme vinginevyo. Mume alisema sheria iko wazi. Mke akasema haki ya kuuza ibaki kwa studio, lakini jina la binti liandikwe kwenye kila faili anayokabidhiwa mama wa bibi harusi, na apewe nakala za kuombea kazi pale familia inaporuhusu. Rasimu ya mkataba huo iko kwa wakili wao, na kifungu cha jina mume amekiandika kwa mkono wake.